Sauti ya Tajiri Nyuma ya Viroba

Hapana, si mafuta ya maandazi. Wala si moto wa kuni. Najua hujauliza, lakini macho yako yameshauliza tangu nikukaribishe. Kila nikinyoosha mkono kuchukua kikombe yanatua hapa kwenye kovu. Ni maharage. Yalikuwa yanachemka, sufuria nzima, nikammwagia mtu usoni, na haya yaliyonipata mimi ni yale yaliyorudi. Yeye ndo alipata mengi. Alilia mpaka mbuzi wakakata kamba.

Usinitazame hivyo. Alikuwa amemshika binti yangu nywele anamburuza kwenye kokoto, na binti ana mimba ya miezi saba. We ungemmwagia nini, maji ya kunawa?

Sogeza hicho kigoda, kaa vizuri. Chukua michembe hiyo, viazi vya kukausha, tafuna. Meno si unayo?

Wakati huo napika mgodini, upande wa Kharumwa, kwenye duara la mtu. Duara ni lile shimo la kuchimbia dhahabu, ila ukiliita shimo wachimbaji wanakucheka, wanasema shimo ni la choo. Linashuka kama kisima, halafu huko chini linapinda, linafuata mwamba. Njia yote hiyo inashikiliwa na magogo, wao wanaita matimba. Timba likishika, unatoka unakula ugali wangu. Timba likiachia, ugali wako anakula mwingine.

Mwenye duara tulimwita Tajiri. Kwake ni Shinyanga mjini, Kambarage, pale ana nyumba na maduka. Huku anakuja mara moja moja, kanzu nyeupe, harufu ya udi, na sauti laini kama anambembeleza mtoto alale. "Jamaniii, jamaniii ndugu zangu. Mimi na nyinyi si kitu kimoja, ati?" Anaivuta hiyo ati mpaka unasinzia umesimama. Anayekaa na sisi kila siku ni msimamizi wake, kijana anayeongelea puani, kila neno analipigilia msumari: "Kazi inaanza saa moja, umenielewa? Hakuna kuja na simu chini, umenielewa?" Hata akiomba chumvi. "Naomba chumvi, umenielewa?"

Mimi shule sijui hata mlango wake umepakwa rangi gani. Kusoma sijui, jina langu siwezi kuliandika. Lakini mtu akiongea mbele yangu mara moja tu, sauti yake naondoka nayo. Nikimwiga padri, watu wanapiga ishara ya msalaba. Nikimwiga msimamizi, wachimbaji wanadondosha matonge kwa kucheka. Wengine walikuja kula kwangu kwa ajili hiyo tu, maana maharage, tuseme ukweli, jirani yangu alikuwa ananishinda.

Sasa, mkwe wangu, mume wa huyo binti, alikuwa anachimba duara hilohilo. Na kwetu Usukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzie apite. Sasa mimi ndo napika na yeye ndo ana njaa, tufanyeje? Binti akashona viroba, vile vya kubebea mawe, akavitundika katikati ya banda ikawa ukuta. Mimi na wateja wengine upande wa jiko, yeye upande wa pili peke yake kama askofu.

Nikiwa na neno naiambia sufuria. "Sufuria wewe, mwambie aliyekaa huko pilipili iko kwenye kopo." Naye anaiambia sahani. "Sahani, mwambie mwenye jiko nimeshiba, wabeja sana." Miaka mitatu tuliongea hivyo, sufuria na sahani, hatujagombana hata siku moja. Nitajie mke na mume wenye miaka mitatu ya namna hiyo.

Basi siku moja asubuhi timba liliachia.

Mimi nilisikia kama mtu amefunga mlango mzito chini ya miguu yangu. Vumbi likatoka mdomoni mwa duara, halafu kelele. Wawili walipandishwa wakiwa wazima, wamejaa damu puani. Wa tatu alichelewa. Alipokuja alikuja ndani ya kiroba, na kiatu chake kikaja baadaye, na kiatu hakikuwa kitupu. Alikuwa anakula kwangu, ugali mkubwa, mboga nusu. Nilimjua kwa kile kiatu.

Tajiri akaleta sanda na gunia la mchele. Magogo hakuleta. Msimamizi akasimama palepale matanga hayajaanuliwa: "Kesho kazi kama kawaida, umenielewa? Matimba yanakuja, umenielewa?"

Hapo ndo mzee mmoja wa duara akainuka. Tulimwita Mzee wa Makaa kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kusini kwenye mgodi wa makaa ya mawe, akarudi na kifua kibovu na mkono wenye vidole vitatu. Akiongea anakohoa katikati kama anaweka nukta.

"Kule makaa ya mawe," khe, "mbao inalia kabla ya kuvunjika. Hizi zimelia wiki mbili." Khe. "Mimi sishuki."

Mmoja akamuuliza, "Mzee, huko mlikuwa mnafanyaje?"

"Tuligoma mara tatu. Mara mbili tukapigwa." Khe. "Ya tatu wakaleta mbao."

"Na hivyo vidole?"

"Hivyo ni mara ya pili."

Akaenda mdomoni mwa duara, akaikunja ile kamba kubwa ya kushukia, mzingo juu ya mzingo kama chatu, akaikalia. Mkwe wangu akakaa pembeni yake. Wengine wote wakakaa. Hakuna kushuka mpaka magogo mapya yaje. Hilo tu ndo walitaka, miti.

Walikaa siku sita. Siku ya nne Tajiri akaleta lori la wachimbaji wengine kutoka Runzewe, washuke badala yao. Hao watu hata hawakujua kuna mgomo, masikini. Waliambiwa kazi ipo. Waliruka kwenye lori wanatania, wakakutana na mawe. Nilimuona mmoja jiwe limempata mdomoni, akakaa chini anayaokota meno yake mwenyewe anayatia mfukoni kama atayapanda. Nao wakashika masururu. Mtu alivunjwa mkono mbele ya jiko langu, ukalia kama kuni kavu. Yule yule aliyeuvunja akageuka akapigwa mpini mgongoni, akaanguka juu ya unga wangu, ukawa mwekundu. Debe zima nikawapa kuku.

Aliyeuzima ule ugomvi ni mkwe wangu. Sauti yake sijawahi kuiiga, ni mwiko, lakini maneno nakupa. Alisema, "Tukiua, magogo hatutayaona. Tutaliona gereza la Butimba." Akaenda kwa wale wa Runzewe mikono mitupu, akawaonyesha kiatu cha marehemu. Wakaweka masururu chini. Wakapiga kambi ng'ambo ya korongo wasubiri nauli ya kurudi. Na msimamizi akatangaza kwamba Jumapili Tajiri atakuja mwenyewe wazungumze, umenielewa?

Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya kusubiri. Watu wamekaa, panga liko mapajani, hakuna anayecheka. Saa sita mchana nachambua maharage, sufuria nyingine iko jikoni inatokota. Wanawake wanne wa kuponda mawe wamekaa kwangu, nyuso kama msiba umeanza upya. Mmoja akasema, "Mayu," yaani mama, "hebu tuigizie Tajiri, tuondoe kutu."

Mimi tena! Nikajifunga kanga kama kanzu. Nikatembea na kitambi. Nikakohoa ile ya kwake, ya mtu aliyeshiba pilau.

"Jamaniii ndugu zangu," nikasema. "Magogo, magogo, magogo ya nini ati? Gogo nalinunua, nalisafirisha, linaliwa na mchwa. Mchimbaji anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, ati. Akivunjika mmoja, naleta wawili."

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akalala chini. Maneno niliyatunga palepale, nakuapia. Tajiri sikumsikia akiyasema. Nilitaka tu wacheke.

Nikasikia upande wa pili wa viroba kigoda kinasukumwa. Nikadhani mbwa.

Alikuwa mkwe wangu. Alikuja kula kimyakimya kama kawaida yake, akakuta sauti ya Tajiri iko jikoni kwa mama mkwe. Mtu mwingine yeyote angechungulia. Kidole kimoja tu kwenye kiroba, jicho moja, angeniona nimefunga kanga tumboni nabinua midomo, angecheka kama wenzie. Lakini mkwe hachungulii upande wa mama mkwe. Kunisikia nikiigiza hajawahi. Akiwepo yeye mimi nanyamaza, ndo heshima yenyewe. Na kuniuliza hawezi. Akatoka alivyoingia, akaenda kwa wenzie akawaambia: Tajiri amekuja leo kwa siri, yuko jikoni, nimemsikia kwa masikio yangu. Na alichosema ni hiki. Wenzie walijua naiga watu, lakini baada ya siku sita zile hakuna aliyelikumbuka hilo.

Nilijua kilichotokea pale niliposikia wanaume wanakuja wanapiga kelele, na kelele yenyewe ni maneno yangu. "Mchimbaji anakuja kwa miguu! Leteni wawili! Leteni wawili!" Yametoka kinywani kwangu hayajapoa, sasa yako kwenye vinywa vya watu wenye mitarimbo.

Banda lilianguka kwa mara moja. Wanamtafuta Tajiri chini ya meza, ndani ya pipa la maji. Nikasema, "Hayupo! Ni mimi!" Nani anasikia? Wakaona ametoroka. Wakaenda kwa msimamizi.

Alikuwa ananyoa ndevu. Walimtoa na povu shavuni. Alijaribu kusema, na walimpiga kwa ubapa wa panga, halafu kwa mpini wa sururu, halafu sikuona tena kwa sababu ya migongo. Nilichosikia ni ile sauti ya puani, "Jamani mniel... jamani mniel...," haifiki mwisho. Jicho la kushoto lilitoka pale.

Karasha, ile mashine ya kusagia mawe, wakaimwagia dizeli wakaiwasha. Moshi mweusi ukaenda mpaka ng'ambo, na wale wa Runzewe wakadhani wanachomwa wao. Wakaja na mapanga. Sasa hapo hapakuwa na mgomo wala nini, ilikuwa nyama tu. Mtu anampiga mtu hata jina lake halijui. Walinzi wa Tajiri nao wakashuka kutoka kwenye kilima na magobole, wakapiga juu mara ya kwanza. Mara ya pili hawakupiga juu. Mwanamke aliyelala chini kwa kucheka saa ile, alilala chini tena, na safari hii hakuinuka.

Mlinzi mmoja akamkamata binti yangu, anapiga kelele, "Mume wako yuko wapi? Mume wako ndo kaanzisha!" Na hapo ndo maharage. Sufuria niliikumbatia kama mtoto, sikuusikia moto. Ngozi ya uso wake ilishuka. Yuko hai, nimeambiwa, anauza vocha mahali.

Kulipotulia, watatu wamekufa. Mzee wa Makaa tulimkuta amekaa juu ya kamba yake. Nikamwita, nikadhani anapumzika. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa mzima kabisa.

Jumatatu Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitisha mkutano, maana kijiji kilikuwa kimeshikana koo na polisi wamesema watakuja mchana kuchukua mtu. Kiongozi wao mzee mfupi, kiswahili chake kimekanyagwa na ng'ombe: "Kila mtu akae chini! Lungu weka hapa! Panga weka hapa! Anayekuja na hasila, aludi nazo nyumbani!"

Mkwe wangu wamemleta kamba mikononi. Tajiri amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanzu safi.

Kiongozi akasema jambo likaeleweka hata na kuku. Kama Tajiri aliyasema yale maneno, basi yeye ndo kawasha moto. Atatibu majeruhi, ataleta magogo, watu watarudi kazini, na kijana atafunguliwa pale pale. Kama hakuyasema, basi kijana kawachinja watu kwa uongo, anakwenda na polisi, na huko harudi akiwa na nywele nyeusi.

Wakamuuliza mkwe wangu: ulisikia? Akajibu, "Nilisikia." Ulimwona? "Sikumwona." Kwa nini hukumwona? Wazee wote wakatikisa vichwa, wameelewa. Mkwe atachunguliaje?

Binti yangu alikuwa pembeni yangu, mkono juu ya tumbo. Alikuwa anajua, alikuwa anajua tangu nilipopaza sauti banda linaanguka. Alinitazama tu.

Sasa nikuambie kitu. Mimi macho yangu mekundu, moshi wa miaka arobaini. Na bibi wa macho mekundu huku kwetu anajua anachoitwa, mchawi. Ongeza kwamba anatoa sauti za wanaume tumboni kwake! Wale watatu waliobaki kati ya waliocheka kwangu waliogopa kunitaja, ila nyuma yangu mmoja wao alishaanza kunong'ona, "Sauti moja kapewa na Mungu. Hizo nyingine kapewa na nani?" Kwa jambo dogo kuliko hilo mabibi wamekatwa mapanga mlangoni kwao. Nilikaa pale natamani niwe bubu.

Halafu nikasimama.

Nilipita katikati ya wanaume nikaenda kusimama mbele ya mkwe wangu, uso kwa uso. Watu wakaguna. Na yeye amefungwa mikono, hawezi kujifunika, hawezi kukimbilia porini. Akafumba macho. Hata hapo aliniheshimu.

Nikafunga kanga tumboni. Nikakohoa. Nikasema, "Jamaniii ndugu zangu. Magogo ya nini ati? Gogo nalinunua. Mchimbaji anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, ati. Akivunjika mmoja, naleta wawili."

Mwanzoni walicheka, kicheko kiliwatoka kama chafya. Halafu kikafa. Mkwe wangu alifumbua macho akanitazama, akaona ni mdomo wangu. Sitaki kukumbuka uso ule. Kiongozi wa Sungusungu akashika kichwa. "Mayu," akasema, "mayu, umetumaliza."

Nikamwambia, "Nifungeni mimi. Huyu alisikia kweli. Aliyedanganya ni mdomo wangu."

Akatoa hukumu yake, na ilikuwa ya haki. Mimi nitatengwa: hakuna wa kunipa moto, hakuna wa kunisalimia, hakuna wa kunizika. Kijana ataenda na polisi, maana damu imemwagika na Tajiri hana kosa la mdomo. Wanaume watarudi kazini Jumatano, na Tajiri ataombwa, ataombwa tu, alete magogo. Watu waliinamisha vichwa. Walikuwa wamekubali. Walikuwa wamechoka, wana watoto, wangeshuka hivyo hivyo.

Nikuambie kwanza yaliyofuata, maana baada ya neno lenyewe la Tajiri mimi sina la kuongeza. Duara lile halikuchimbwa tena. Watu wake na wale wa Runzewe waliondoka siku hiyohiyo, pamoja, wamebebana majeruhi, na hakuna aliyekuja kuchukua nafasi zao. Kiongozi mwenyewe alimfungua mkwe wangu kwa mikono yake, na hukumu yangu hakuitaja tena. Polisi walipofika hawakupata hata mtu mmoja wa kuwaambia jina. Msimamizi jicho halikurudi, na wale watatu hawakurudi, na hilo nalibeba mimi. Mkwe wangu analima mpunga sasa. Amerudi kwenye sahani na mimi nimerudi kwenye sufuria, ila siku hizi sahani inasema kidogo.

Wote hao walihitaji neno moja tu ili mambo yaishe kama alivyotaka Tajiri. Kiongozi alimgeukia kwa adabu kabisa, amefunga kesi, anataka tu muhuri.

"Haya, Tajili. Umesikia wewe mwenyewe, ni huyu mama. Wewe yale maneno hukusema. Si ndiyo?"

Tajiri akafuta kiatu chake vumbi kwa kidole. Safari hii hakuvuta sauti.

"Mimi sikusema," akajibu. "Lakini uongo uko wapi hapo?"